Kidole gumba chenye namba 100

Wakuu, kwa kuwa kuna mtu (anajijua) keshamwaga voisi kwenye grupu kwamba nimelia mbele ya wazee wa kizungu, acha niseme ukweli. Sikulia, vumbi liliniingia machoni.

Mnaujua ugonjwa wangu wa vitreni vya kuchezea vya Lionel, ile kampuni ya Marekani, tangu nihamie huku Pennsylvania. Sasa behewa la Western Pacific (hiyo ni kampuni ya reli) lenye mchoro wa unyoya ubavuni, namba 6464-100, la kawaida ni silva na unyoya wa njano. Ila kuna machache ya 1954 ya rangi ya chungwa na unyoya wa bluu, namba hiyohiyo 100, na hayo watu wanayatafuta kwa tochi. Halafu miaka ya 60 Lionel wakatoa tena la chungwa na bluu, safari hii namba 250, hilo bei ya kawaida tu. Yaani namba tu ndo inakutajirisha au kukuumbua.

Jumamosi gulioni nikaona chungwa, bluu, 100!! Nikatoa dola 300 bila hata kuomba nipunguziwe, mimi mtoto wa Kariakoo, eti naogopa muuzaji asishtuke. Huyo hadi meza ya wazee, nikaanza mhadhara. Mzee mmoja kalipindua, kimya, halafu kaniuliza kwa upole kama daktari mwenye majibu mabaya: kijana, mbona huku chini plastiki? Tumbo likacheza. Fremu za magurudumu za 1954 ni chuma, za plastiki zimekuja 1957. Nikamwambia aah wamebadilisha tu, cheki namba ilivyo safi! Nikalamba kidole gumba, nikasugua.

Nikahisi kitu kimeteleza. Mnakumbuka zile tatuu za bigijii, unalowesha unabandika mkononi? Basi hivyohivyo. Ile 1 ikatangulia, sifuri zikaifuata zimeshikana mikono, na pale zilipokuwa pakabaki alama ya kukwanguliwa, ukiinamisha kwenye mwanga unasoma 250. Nikainua kidole taratibu. Namba yote iko kwangu, imesimama kinyumenyume, inang'aa mate. Mzee kavua miwani, kafuta, kavaa, kakiangalia kidole tena.

Muuzaji? Meza ilishafungwa, kasepa. Behewa lipo kabatini.

Dada zangu mnaosoma humu, wifi yenu anajua ni dola 20. Tafadhalini.