Saiba za Mombasa na X11: Nani Ahame, Nani Asubiri

X11 na Wayland ni njia mbili ambazo Linux hutumia kuonyesha madirisha kwenye skrini na kupokea vitufe: X11 ndiyo kongwe, Wayland ndiyo mpya. Ubuntu 25.10, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipotoka Oktoba 2025, GNOME yake, yaani mazingira ya skrini, haikuwa tena na kikao cha X11. Fedora, Linux nyingine, ilishaitanguliza Wayland tangu toleo la 25, mwaka 2016, na Red Hat Enterprise Linux 10 imeiondoa kabisa seva ya Xorg, inayoendesha X11. Mwezi huohuo wa Oktoba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, kwa hiyo mwenye saiba, yaani duka la intaneti, pale Mwembe Tayari au Digo Road anayehamia Linux sasa anakutana na swali hili siku ya kwanza: abaki X11 au ahamie Wayland?.

Mimi nasema saiba ihame, na sababu yangu ni nenosiri la mteja. X11 ilitoka 1987, ikiwa tunda la mradi ulioanza MIT mwaka 1984, enzi ambazo programu zote kwenye skrini moja zilichukuliwa kuwa za kuaminika. Hadi leo iko hivyo. Ndani ya kikao cha X11 fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika xinput test-xi2 --root, kisha nenda kwenye kivinjari uandike nenosiri la eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Kila kitufe unachobonyeza kinajitokeza kule kwenye terminali kwa namba yake, wala huulizwi ruhusa ya msimamizi. Na kompyuta hiyohiyo asubuhi imekaliwa na mama anayejaza ritani ya kodi ya KRA, jioni na mtu usiyemjua kabisa. Wayland, aliyoianzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, hupeleka vitufe kwa dirisha linalotumika wakati huo tu.

Hata hivyo si kinga kamili. Programu hasidi iliyo ndani ya akaunti ileile bado inaweza kusoma mafaili na kukichezea kivinjari chenyewe. Saiba inayowapa wateja wote akaunti moja isiyosafishwa imefanya nusu ya kazi.

Wanaosita nao wana hoja nzito. Mashine nyingi tunazonunua ni za mtumba kutoka ng'ambo. Zenye grafiki za Intel kwa kawaida hazina taabu, ila Nvidia ilianza kukubali GBM, njia inayotegemewa na Wayland, kwenye draiva ya 495 mwaka 2021, na kadi za GeForce 600 ziliishia kwenye draiva za kabla ya hapo. Unabaki na nouveau, draiva huria ya kadi za Nvidia, ambayo inafanya kazi lakini mara nyingi kwa uzito. Kwenye maabara za shule shida ni nyingine: xdotool, zana ya kubonyeza vitufe na kusogeza kipanya kwa amri, na programu kadhaa za mwalimu kutazama skrini za wanafunzi ziliandikwa kwa ajili ya X11, na uwazi uleule ninaoulalamikia ndio unaozifanya zifanye kazi. XWayland, daraja la programu za X11 ndani ya Wayland, huendesha programu kongwe, ila haizipi mamlaka juu ya madirisha ya Wayland.

Shule, basi, isubiri kwenye Ubuntu 24.04. Inahudumiwa hadi 2029, na kwenye skrini ya kuingilia, ukishachagua jina, kuna alama ya gia kona ya chini kulia ya kuchagua Wayland au Xorg.

Mwenye saiba aanze na mashine moja ya Intel. Aingie Wayland, arudie amri ya xinput, aandike kwenye kivinjari. Vitufe vikionekana, kivinjari hicho bado kinapitia XWayland na mteja hajapata ulinzi wowote. Firefox hutumia Wayland yenyewe tangu toleo la 121.