Mfasiri, Tuachie Muuaji Wetu

Hapa Ujiji, kinachonikera katika kibanda umiza, ukumbi wetu mdogo wa video, ni mfasiri wa filamu za upelelezi anayemtaja muuaji wa mfululizo kabla mpelelezi hajavaa hata glavu zake. Utamu wa filamu hizi ni kungoja: tone la damu, unywele mmoja, alama ya kidole kwenye kitasa, na mshukiwa ambaye vipimo humsafisha, kama ilivyotokea kweli Uingereza, ambako vinasaba vilimwondolea tuhuma kijana aliyekwisha kukiri, kabla ya muuaji halisi, Colin Pitchfork, kuhukumiwa mwaka 1988. Sasa mfasiri anapopaza sauti, “Huyu daktari ndiye muuaji, mtazameni vizuri,” maabara yote inabaki ya kazi gani? Kiingilio tumelipa, na joto tumelivumilia, ili kwanza tudanganywe kwa utaratibu.