Magodoro ya Kariakoo na pato la Mngazija

Godoro likibanwa vizuri kwa kamba linabaki nusu ya unene wake, na kwa kuwa melini unalipia nafasi, yule mama wa Kingazija, kutoka Komoro, hakutaka mzaha. Alisimama mlangoni mwa duka Kariakoo akiwahimiza vijana: kaza, kaza tena. Mwenye duka akaninong'oneza, "Hawa wametuzidi hela, usiwaone hivi."

Kwa takwimu hajakosea. Pato la mwaka nchini Komoro, likigawanywa kwa vichwa, ni kama dola 1,500. Letu Watanzania ni kama 1,200. Ajabu ni kwamba anayetuzidi ndiye anayevuka bahari kufuata godoro na mafuta ya kula Dar, na jamaa yake akiugua sana analetwa Muhimbili.

Maelezo ya kawaida ni udogo na msongamano. Watu zaidi ya 800,000 wamebanana kwenye visiwa vitatu, Ngazija, Nzwani na Mwali, ambavyo eneo lake halifiki kilomita za mraba 1,900. Karibu nusu yao ni watoto na vijana wa chini ya miaka 20. Bandari ya Moroni, mji mkuu, ni ya kina kifupi, meli kubwa zinatia nanga nje na mzigo unahamishiwa kwenye matishali. Kila kitu kinapanda bei kabla hakijagusa nchi kavu. Hilo sibishani nalo.

Lakini Mauritius ina watu milioni 1.2 na ushei kwenye kilomita za mraba 2,040, yaani wamebanana kuliko Wakomoro, na pato lao linapita dola 11,000 kwa kichwa. Nao walitabiriwa mabaya: mwaka 1961 mchumi Mwingereza James Meade aliona kisiwa cha miwa chenye watoto wengi mno na kazi chache. Mwaka 1970 wakatunga sheria ya viwanda vya kuuza nje, wanawake wakaingia kwenye vyerehani kwa maelfu, uzazi ukaendelea kushuka, na kuanzia 1975 sukari yao ikanunuliwa Ulaya kwa bei ya makubaliano. Msongamano uleule ukawa nguvukazi. (Leo wanazaa kidogo hadi wanaagiza wafanyakazi kutoka Bangladesh na Madagascar, lakini hiyo ni shida ya mwenye shibe.)

Watetezi wa Komoro watasema Mauritius ilibebwa na soko la sukari, na hapo wana hoja. Komoro yenyewe hata utulivu haikuupata: ilijitangazia uhuru Julai 6, 1975, Ufaransa ikabaki na kisiwa cha nne, Mayotte, na kabla mwezi haujaisha, Agosti 3, serikali ikapinduliwa. Mapinduzi yakawa kama msimu wa mvua. Mwaka 1997 Nzwani ikataka kujitenga, na Machi 2008 wanajeshi wa Umoja wa Afrika, wa Tanzania wakiwemo, wakatua huko kumng'oa kiongozi wa kisiwa hicho, Mohamed Bacar. Nani angejenga kiwanda hapo? Ila Shelisheli nayo ilipinduliwa Juni 1977, hata mwaka wa uhuru haujatimia, na leo ni tajiri wa ukanda huu. Sema watu wake ni laki moja na kidogo, na bahari yao ya uchumi inapita kilomita za mraba milioni moja. Kuwapima na Komoro ni kuonea.

Wapo pia wanaosema bora wangebaki na Mfaransa kama Mayotte. Mayotte ina mishahara ya Ufaransa, kweli, lakini pia watu 77 kati ya 100 wako chini ya mstari wa umaskini wa Ufaransa, na karibu nusu ya wakazi ni wageni, wengi wao Wakomoro waliovuka usiku kwa kwasakwasa, vile viboti vidogo, tangu viza ilipowekwa 1995. Wengine hawakufika.

Mimi naona udogo unasingiziwa. Kama moja ya tano ya pato la Komoro ni fedha zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni, hasa Ufaransa. Karafuu, vanila na mlangilangi bei zake zinaamuliwa kwingine. Halafu faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro, karibu 492 kwa yuro moja. Inazuia bei kuruka, na hilo si dogo kwa nchi inayoagiza mchele. Ila inampa nguvu mnunuzi kuliko mzalishaji: hela inayotumwa kutoka Marseille, Ufaransa, inanunua godoro la Dar kwa urahisi, na anayefikiria kulitengeneza Moroni anaanza akiwa ameshashindwa kwa bei, kwa umeme na kwa soko la watu wachache.

Nikamuuliza yule mama kama magodoro yote kumi na mawili ni ya dukani kwake. Akacheka. Ni ya anda, arusi kubwa ya bintiye. Ngazija nyumba ni ya binti, na lazima ijae. Nani kalipa? "Kaka yake," akasema, akionyesha simu. "Yuko Marseille."