Nimelipwa euro 70, pole sikupewa

Novemba iliyopita walichimba barabara mtaani kwetu hapa Leipzig, Ujerumani, na mchana huohuo taa ya ruta yangu ya intaneti ikawa nyekundu. Nikajua ni jambo la saa mbili tatu. Ikawa siku tisa.

Siku ya kwanza nilipiga simu huduma kwa wateja. Mashine ikaniomba namba ya mteja, ikaniomba tarehe ya kuzaliwa, ikaniambia nieleze shida yangu kwa maneno machache. Kijerumani changu nimejifunza ukubwani; mashine ikaelewa nataka kununua simu mpya. Nilisikiliza muziki kama dakika arobaini ndipo akaja binadamu. Umezima ruta na kuiwasha tena? Nimezima. Basi tuzime tena pamoja. Tukazima, tukangoja kimya kama tuliomo msibani, taa ikarudi nyekundu vilevile.

Kesho yake akapokea mwingine, tukaanza upya: namba ya mteja, zima, washa. Wa tatu akasema kwenye kompyuta yake tatizo limeshatatuliwa. Nikamwambia kompyuta iko kwako, ruta iko kwangu. Akanishauri, kwa upole kabisa, nifuatilie maendeleo kwenye tovuti yao.

Hatimaye nikaahidiwa fundi, Alhamisi, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni. Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa dirishani, hata chooni nilikwenda mbio. Saa kumi na robo ikaingia meseji: tulifika, hatukukukuta. Huku maghorofa mengi hayana namba za milango, jina lako kwenye kengele ya chini ndiyo anwani yenyewe, kwa hiyo nikashuka kuhakikisha. Jina lipo, herufi kubwa. Hakuna aliyebonyeza.

Jioni nikamsimulia dada yangu aliyeko Tabata, Dar es Salaam. Akashangaa kitu kimoja tu: "Sasa wewe huna namba ya fundi?"

Yeye anayo. Ameisevu "Fundi Intaneti". Waya ukikatwa na lori hapigi 100 ya huduma kwa wateja kusikiliza matangazo, anamwandikia WhatsApp, na jamaa anakuja na bodaboda, ngazi begani. "Nipo njiani" yake inaweza kuwa bado yuko kitandani, hilo tunalijua, lakini anakuja, anaomba maji ya kunywa, anauliza hali ya mama, anapanda nguzo. Akishuka anapewa ya soda. Siku ile, nikiwa na meseji yangu ya uongo mkononi, niliona Bongo ndiko kwenye ustaarabu.

Aliyenibadilisha mawazo ni mzee wa ghorofa ya chini, mtu ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Akaniuliza: umeshadai? Kumbe sheria ya mawasiliano ya hapa, ile iliyoanza kutumika Desemba 2021, inasema mtandao ukipotea kabisa, kampuni ina siku mbili za kurekebisha tangu utoe taarifa. Zikipita, siku ya tatu na ya nne unadai euro 5 kila siku au asilimia 10 ya ada ya mwezi, kuanzia ya tano ni euro 10 au asilimia 20, unachukua iliyo kubwa. Fundi asipotokea siku ya miadi, nayo ina bei yake. Ada yangu ni euro 40 kwa mwezi. Nikaandika barua, nikaambatanisha tarehe zote, na hesabu ikasimama kwenye euro 70. Wakazikata kwenye bili zilizofuata, mstari mmoja wenye alama ya kutoa. Samahani hamna, hata salamu hamna.

Na dada? Mwaka jana alikaa siku kumi na moja bila mtandao, fundi alikuwa amesafiri kijijini. Mwezi ulipoisha akalipa ada nzima, na hata haikumpitia akilini kwamba angeweza kukataa. Jirani yake, mama mjane ambaye hana namba ya fundi yeyote, alikaa zaidi ya hapo.

Ndiyo maana huwa sikubali tunapokaa wabongo wa huku tukaanza kusema nyumbani huduma ina utu. Utu upo, ila unamfikia mwenye namba. Mimi naitaka ile saa inayohesabu siku dhidi ya kampuni ipelekwe Tabata, imkute na yule mjane. Maji ya kunywa na habari za mama viendelee kama kawaida, havigharimu kitu.

Jumapili nilipiga simu ya video, picha ikaganda dada akiwa mdomo wazi. Baadaye ikaja meseji ya kawaida: mtandao hamna, fundi yupo njiani. Nikamuuliza leo siku ya ngapi. Ya nne, akajibu, lakini leo ameapa.