Mkono ukivimba tena baada ya dawa

Mama mmoja wa Makorora, hapa Tanga, ana hoja ambayo si ya kuchekwa. Babu wa nyumba aligundulika na kifua kikuu, mjukuu wa miaka 6 akafanyiwa kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, mkono ukavimba, ishara kwamba huenda vijidudu vimemwingia, akaanzishiwa tiba kinga, yaani dawa ya kuzuia ugonjwa usianze. Miezi 6 ya isoniazidi, kila siku, bila kuruka. Kamaliza, na mama anataka mtoto apimwe tena. Muuguzi kakataa.

"Sasa nitajuaje kama dawa imefanya kazi?"

"Mama, kipimo hiki hakikujibu hilo."

Akatoka kituoni akiamini kafukuzwa. Mtaani wakasema muuguzi mvivu, vipimo vinabaniwa. Nadhani muuguzi anaonewa.

Kinachochomwa mkononi ni mililita 0.1 tu ya tuberkulini, maji yenye protini za vijidudu vya kifua kikuu. Baada ya saa 48 hadi 72 mtoto hurudi na rula hushikwa. Wekundu hauhesabiwi, unatafutwa ugumu, ule unaousikia ukipitisha kidole. Kwa watoto wengi milimita 10 ndiyo mpaka, kwa mwenye VVU 5 zatosha. Lakini ugumu ule ni kazi ya kinga ya mtoto mwenyewe, inayokumbuka vijidudu viliwahi kuingia. Dawa hupambana na vijidudu, kumbukumbu haiigusi. Ndiyo maana wengi waliomeza dawa zao barabara huendelea kuvimba miaka kadhaa baadaye.

Kuna na hili, ambalo mimi ndilo linanikosesha raha: kuchoma mara ya pili kwenyewe kwaweza kuiamsha kinga iliyokuwa imesinzia, hasa kwa mtoto aliyechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, na watoto wetu karibu wote huchanjwa. Uvimbe unakuja mkubwa kuliko wa kwanza. Mwambie basi mama huyo kwamba dawa haikushindwa! Atadai duru nyingine ya vidonge, mtoto ameze asichokihitaji. Na ukija mdogo? Familia itashangilia, halafu mwakani kikohozi cha wiki tatu kiitwe mafua, kwa kuwa "alipimwa, akawa safi".

Wanaotaka kipimo kirudiwe hawakosi pa kushika. Wapo watoto ambao uvimbe hupungua hata kutoweka. Ila hilo hutokea pia kwa ambao hawakumeza dawa, kwa hiyo halimthibitishii mtu kitu. Kipimo kina nafasi yake mwanzoni, kwa watoto wakubwa. Wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa hakisubiriwi: akishahakikishwa haumwi, anapewa tiba kinga.

Ninachomlaumu muuguzi ni kingine. Mama aliuliza atajuaje, na jibu lilikuwepo: uzito unapanda? anakohoa zaidi ya wiki mbili? ana homa, anatoka jasho usiku, kaacha kucheza? Babu naye, anamalizia dawa zake? Mizani ilikuwa palepale mlangoni, na mtoto akapita kando yake akirudi nyumbani.