Karatasi Iliyochomoka

Boksi la mchezo wa vita wa ramani lilitufikia likiwa limepasuka pembe zote nne. Mtoto wa mama mkubwa alikuwa ameshauchoka mchezo wenyewe, akatuachia mimi na mdogo wangu. Ndani mlikuwa na ramani iliyogawanywa kwa visanduku vya pembe sita, vipande vya kadibodi vyenye namba mbili mbili, moja ya nguvu na moja ya mwendo, dadu moja, na kanuni zilizotolewa kopi na kubanwa pini. Mimi nilikuwa na miaka 10, yeye 8. Tulizisoma tumelala kifudifudi sakafuni mpaka tukafika palipoandikwa tutazame jedwali la mapigano. Tukafunua ukurasa. Jedwali halikuwepo, karatasi yake ilikuwa imechomoka zamani.

Karatasi ile ndiyo iliyonifanya mchezaji. Ingekuwepo, ningecheza mara tatu nne kisha nikachoka kama mwenye boksi alivyochoka.

Wakati ule sikujua kwamba jedwali tulilolikosa lilikuwa na ukoo. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts alitoa mchezo wake uitwao Tactics, na humo pigano liliamuliwa kwa uwiano: unapima nguvu za anayeshambulia dhidi ya za anayejihami, unarusha dadu, unasoma matokeo kwenye jedwali. Michezo mingi ya vita ya ramani iliyofuata ilirithi njia hiyo. Sisi tukaanza sifuri. Kanuni yetu ya kwanza ilisema mwenye namba kubwa anashinda, na haikumaliza mchana mmoja. Mdogo wangu, ambaye jeshi lake lilikuwa dogo, alifunika vipande vyake kwa viganja vyote viwili. "Kaka, hivi sichezi. Mimi nitashinda lini?"

Mpaka leo sijasikia swali bora zaidi kuhusu namna ya kuunda mchezo. Tuliazima dadu ya pili kutoka mchezo mwingine, tukakubaliana kila mmoja arushe zote mbili na kujumlisha na nguvu ya kipande chake. Sasa mnyonge alikuwa na nafasi, ndogo lakini ya kweli. Baada ya siku kadhaa mdogo wangu akagundua kwamba 7 inajirudia kuliko namba nyingine zote. Sikumwamini. Tukachora vistari nyuma ya daftari, mrusho mmoja mstari mmoja, mpaka ukurasa ukajaa, na ile safu ya 7 ikawa ndefu kupita zote. Miaka mingi baadaye mwalimu alituandikia ubaoni kwamba dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, 6 kati yake zikitoa 7 na 1 tu ikitoa 12. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa naliona lile daftari.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna kanuni iliyolitarajia. Mdogo wangu alichagua kipande kimoja cha wapanda farasi, chenye nguvu 2, akakipa jina: Kapteni Subira. Akaniuliza kama Subira anaweza kupanda mti kutazama jeshi langu limejificha wapi. Nikamwambia kanuni hazisemi hivyo. Akajibu kwamba hazisemi hapana pia. Nikafikiri, nikamwambia arushe dadu. Akipata 8 au zaidi, ameona. Akapata 9, nikalazimika kumwonyesha.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo niliposoma kwamba njia hiyohiyo ilishapitiwa na wengine. Mwaka 1969, huko Minnesota, Marekani, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya enzi za Napoleon kuhusu mji wa kubuni alioupa jina Braunstein. Badala ya kuwapa wachezaji wote vikosi, aliwapa baadhi nafsi: huyu meya, yule mwanafunzi mwenye siasa zake. Wakaanza kunong'onezana, kula njama na kumwomba ruhusa za mambo asiyoyaandaa. Yeye alidhani mchezo umeharibika. Wao walitaka tena. Dave Arneson, aliyekuwa miongoni mwao, akalikuza wazo hilo katika ulimwengu wake wa kubuni, Blackmoor, kisha akashirikiana na mbunifu mwenzake wa michezo, Gary Gygax. Mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons, mchezo ambao kila mchezaji huwa mhusika mmoja, vijitabu vitatu ndani ya boksi, toleo la kwanza nakala 1,000. Vijitabu vile vilikuwa na mapengo mengi, na kila kundi likayaziba kwa akili yake. Watu wazima wale walivutwa na kilekile kilichomvuta mtoto wa miaka 8, kutaka kujua kipande hiki ni nani.

Kwa hiyo huniumiza kumwona mtoto anaingizwa kwenye michezo hii kwa kitabu kinene, seti ya vinyago vya askari na rangi zake, kisha anaambiwa asubiri mpaka asome chote. Vinyago ni vizuri, navipenda, na saa niliyokaa na brashi ndogo sijawahi kuijutia. Ila visiwe mlango. Hata maofisa wa jeshi la Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, walielemewa. Kriegsspiel, mchezo wa kivita ambao ofisa wao Reisswitz, yule mwana, si baba, aliuchapisha mwaka 1824, ulikuwa na majedwali, dadu na mwamuzi, na hesabu zake ziliwachosha wengi. Mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akapendekeza sehemu kubwa ya hesabu hizo iachwe, mwamuzi mzoefu aamue mwenyewe. Mtoto naye anahitaji mwamuzi kuliko kitabu. Mwamuzi huyo awe na msimamo mmoja tu usiolegea: lililoamuliwa leo linatubana sote kesho, hata likiniuma mimi niliyeliamua.

Wazazi huniuliza kama kucheza vita hakumfanyi mtoto apende vita. Swali ni la haki. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells, aliyechapisha kanuni zake za vita vya askari wa kuchezea mwaka 1913, alimalizia kitabu hicho kwa kulaani vita halisi, na mwaka uliofuata ikaanza Vita Kuu ya Kwanza. Sitadai kwamba mchezo unamzuia yeyote. Nasema nilichokiona. Kapteni Subira alikufa kwa mrusho wa 2 kwenye daraja ambalo halikuwa na umuhimu wowote. Mdogo wangu alilia, akakaa wiki nzima bila kugusa boksi. Aliporudi, hakushambulia tena kabla ya kuhesabu nani atabaki, na alianza kuniuliza, "Kaka, kwani lazima tupigane hapa?" Kanuni zetu zikapata ukurasa mpya wa mapatano.

Sasa mdogo wangu ana mwanawe wa miaka 9, na nikiwatembelea tunatandika ramani. Mara ya mwisho kikosi cha mtoto huyo kilizingirwa pande zote. Akatazama vipande vyake kimyakimya, akanitazama.

"Mjomba, wanaweza kujisalimisha?"

Kitabu tulichokuwa nacho, kizima, hakina karatasi hata moja iliyochomoka, hakisemi neno kuhusu hilo. Nikamuuliza yeye anaonaje. Akaomba penseli.