Kakakuona ana sheria, kuvumwani je?

Ukipita Msitu wa Karura, Nairobi, tazama magome ya miti kwa karibu. Vile viraka vya kijivu, vyenye vitone vyeusi na ukingo uliopauka, ni kuvumwani: kuvu na mwani wanaoishi pamoja, kuvu akiwa nyumba, mwani akitengeneza chakula kwa jua. Wengi hudhani mti unaumwa. Kakakuona naye anajulikana, ingawa Wanairobi wengi humsikia tu mtu anapokamatwa na magamba yake.

Kumwainisha kakakuona si kazi. Ni mamalia, spishi 8, nne za Afrika na nne za Asia, na jamaa zake wa karibu ni walanyama kama simba, wala si muhanga, mnyama mwingine anayekula mchwa. Kuvumwani ndiyo inayosumbua. Jina lake la kisayansi ni la kuvu peke yake. Mwani ana lake. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kuwa baadhi zina hata hamira ndani. Sasa tukisema spishi fulani inatoweka, tunamhesabu nani?

Mwaka huohuo, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg uliwaingiza kakakuona wote katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachopiga marufuku biashara yao ya kimataifa. Spishi zote 8 zimo pia katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, zikiwa hatarini kutoweka. Kuvumwani zina maelfu ya spishi, na zilizotathminiwa ni chache mno.

Kuna wanaoona ni sawa kuvumwani kukosa sheria kama ya kakakuona, kwani nani anasafirisha kuvumwani kwa magunia? (Karne ya 19 walikuwepo: ya pwani yetu iliuzwa kupitia Zanzibar ikatengenezwe rangi ya zambarau.) Leo kinachoiua ni moshi na shoka, na orodha ya biashara haizuii hata kimoja.

Hoja hiyo naikubali, ila inamgusa kakakuona pia. Kakakuona mkubwa, spishi iliyobaki msitu wa Nyakweri, Transmara, kusini-magharibi mwa Kenya, haogopi jangili tu. Akigusa waya wa ua wa umeme hujikunja, ndiyo kinga yake. Akijikunja huuzungushia waya mwili, na shoti humpiga mpaka afe. Kiambatisho cha Kwanza hakizimi ua.

Ardhi isiyokatwakatwa na miti mizee ndiyo haja ya wote wawili, na ningeanza kuchangia hapo. Lakini wafadhili hupenda mnyama wa kupigwa picha. Basi kakakuona aombe kwa niaba ya mwenzake, mradi fedha ziende kununua msitu.